Mama Hakiki na Karatasi Namba Kumi na Nne

Ukitaka kumjua Mama Hakiki, mtazame anavyofunga mlango. Anazungusha ufunguo, anavuta kitasa, anaondoka hatua tano, anarudi kukivuta tena. Akifika barabarani anasimama, anageuka, anautazama mlango kwa mbali, usije ukaamua kujifungua wenyewe kwa kumkomoa. Maziwa anayanusa kabla ya kuchemsha na baada ya kuchemsha. Mwanawe akirudi shuleni na kusema leo hawakupewa kazi ya nyumbani, hambishii. Anampigia simu jirani mwenye mtoto wa darasa hilohilo. Mumewe, mtu mpole wa maneno machache, aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba siku mkewe akifa ataamka katikati ya mazishi kuhakikisha kaburi limechimbwa kwa kipimo. Wageni walicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka hata kidogo, aliuliza, "Kwani nani atakayelipima?"

Sasa mtu wa aina hiyo utampa kazi gani? Bahati yake ni kwamba kazi ipo. Yuko ofisi ya ramani, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, feni moja inayolalamika, na makabati ya chuma yenye droo pana za bapa. Zamani droo hizo zilikaa karatasi za ramani za mji mzima. Siku hizi zinakaa vikombe, miavuli na kandambili za mtu fulani aliyekwishastaafu.

Zamani ramani ikirekebishwa, mchoraji alichukua wembe, akaukwangua mstari wa zamani, akachora mpya juu yake, na ule wa zamani ukawa umekwenda na maji. Ukiuliza nani aliukwangua, kila mtu alikuwa likizo. Sasa hakuna kukwangua. Karatasi zote mia mbili na kumi na mbili ziliskaniwa miaka minane iliyopita zikaingizwa kwenye kompyuta, na kila anayebadilisha kitu anaacha toleo jipya juu ya la zamani. La zamani halifutwi. Linabaki pale chini, na jina la aliyeliweka, na tarehe, na saa.

Ila picha za ramani ni nzito mno. Ukizipakia zote humo yanamotunzwa matoleo, tupaite kitabu, kitabu kinakwama. Kwa hiyo ndani ya kitabu kinakaa kikaratasi tu, mistari mitatu, na picha yenyewe inakaa ghalani, yaani kwenye ile mashine inayovuma katika chumba cha baridi upande wa pili wa korido. Kikaratasi kinasema picha ina ukubwa gani na alama yake ni ipi. Alama ni mlolongo wa herufi na tarakimu sitini na nne, kompyuta inaukokotoa kutoka kwenye picha yenyewe, na ukigusa nukta moja ya ile picha, moja tu, alama inageuka yote. Huwezi kuidanganya. Mama Hakiki aliposomeshwa jambo hili mara ya kwanza, wenzake wanasema alitabasamu, na ni watu wachache waliowahi kumwona akitabasamu kazini.

Basi kila mwanzo wa mwezi anaendesha ukaguzi. Kompyuta inaingia ghalani, inachukua picha moja moja, inakokotoa alama upya, inalinganisha na kikaratasi. Zikilingana, inaandika kwa kijani: sawa. Zisipolingana, picha inatupwa kwenye kabati la mbovu na yeye anaanza kutafuta mchawi. Miaka minane, hajawahi kuruka mwezi, hata mwezi aliojifungua.

Wiki mbili kabla ya haya ninayowasimulia, fundi seremala alipanda ngazi za ofisi hiyo akiwa ameshika kofia mkononi. Fundi huyu ni jirani ya shangazi yake Mama Hakiki, ukuta kwa ukuta, mtu mzima mwenye vidole vilivyojaa makovu ya msumeno. Barabara ya mtaani kwao inapanuliwa. Wapimaji walikuja na ramani, wakapima kutoka kwenye jiwe la mpaka, wakafika kwenye nyumba yake na kuipiga alama nyekundu ukutani. Nyumba iko ndani ya barabara, walisema. Bomoa au tutabomoa.

"Dada," fundi alisema, "wewe ndiye unayezitunza. Hiyo ramani yao ni ya kweli?"

Mama Hakiki hakumjibu kwa mdomo, si kawaida yake. Alimvutia kiti, akaendesha ukaguzi mbele ya macho yake. Nyumba ile iko kwenye karatasi namba kumi na nne. Karatasi namba kumi na nne ikatoka kijani.

"Haijaguswa na mtu, Fundi," alimwambia. "Hiyo nakuapia."

Fundi akavaa kofia yake, akashukuru, akashuka. Kesho yake alianza kuibomoa nyumba kwa mikono yake mwenyewe, mabati kwanza, halafu milango, halafu fremu za madirisha. Alisema milango ile aliitengeneza mwenyewe kwa mbao za kuchagua na hawezi kukaa akitazama mashine ikiisaga. Mkewe na vitu vyao wakahamia kwa kaka yake, vyumba viwili, watu tisa.

Haya. Wiki mbili zikapita, wapimaji wakasogea mtaa ule ule, na Jumatatu asubuhi wakapiga alama nyekundu kwenye ukuta wa shangazi.

Shangazi ndiye aliyemlea Mama Hakiki tangu akiwa na miaka sita. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mtaa, na hana nyumba nyingine wala nguvu ya kuanza kujenga nyingine. Mama Hakiki alipofika alimkuta amekaa mlangoni, mgongo umeegemea ile alama nyekundu, hataki mtu aione.

"Nilikuwepo mimi," shangazi alisema kabla hata ya salamu. "Wapimaji walipokuja kuweka yale mawe, miaka hiyo wewe bado unakojoa kitandani, mimi ndiye niliyewapikia chai. Vikombe vinne, mmoja wao hakutaka sukari. Mstari wa barabara ulipita ng'ambo ya mtaro. Mtaro ule pale, mwanangu, una macho au huna? Leo mstari umeruka mtaro na kuingia jikoni kwangu. Mstari una miguu?"

"Shangazi, labda umesahau..."

"Nimesahau? Mimi kichwa changu hakina mchwa! Kuna mtu ameuchezea huo mstari. Na wewe ndiye mlinzi, kwa hiyo kalinde. Ijumaa kuna kikao cha kusikiliza malalamiko, na mimi nitakwenda na kanga yangu ya kukalia."

Mama Hakiki alirudi ofisini haraka. Tazameni binadamu alivyo, jamani. Alipokuja fundi seremala, kijani moja ilimtosha. Ilipofika kwa shangazi yake, kijani ikaanza kumnukia.

Nani amechezea? Hakuhitaji kufikiri sana, kwa sababu alikuwa na mtu tayari. Miezi minne nyuma walihamishiwa mchoraji mpya, mwanamume wa makamo, mkimya, mwenye viatu vinavyong'aa mpaka unaweza kuvitazamia meno. Ofisi nzima inamwita Viatu. Mama Hakiki alimtilia shaka tangu siku ya kwanza. Mtu anayeng'arisha viatu namna ile ili akakae mbele ya kompyuta, anajiandaa kukutana na nani? Tena ana tabia moja: ukipita nyuma ya kiti chake, anafunga anachokitazama kwenye kioo cha kompyuta na kufungua kingine. Anakusalimia kwa adabu, lakini ameshafunga.

Mama Hakiki akaingia kwenye daftari la ghala, ambalo huandika nani amechukua picha ipi na lini. Karatasi namba kumi na nne, ambayo ukiacha ukaguzi huwa inachukuliwa mara moja au mbili kwa mwaka mzima, imechukuliwa mara sita katika mwezi mmoja. Mara zote sita ni Viatu.

"Ehee," alisema peke yake, kwa sauti. Viatu aliinua kichwa kutoka meza ya pili, akauliza kama kuna tatizo. Mama Hakiki akasema hakuna tatizo lolote, feni tu.

Tangu hapo alimwekea mitego. Mchana, watu walipotoka kwenda kula, aliweka kifuniko cha kalamu juu ya kibodi ya Viatu, kimeelekea dirishani, ili yeye akirudi ajue kama Viatu alikuja mapema na kukigusa. Kilikuwa kimeguswa. Baadaye alikumbuka kwamba mfagiaji hupita saa saba. Alimfuata mfagiaji mpaka ngazini kumuuliza kama aligusa kifuniko cha kalamu, na mfagiaji, mama mwenye shida zake za kutosha, alimtazama kwa muda akamuuliza kama amekula.

Akaendesha ukaguzi. Karatasi namba kumi na nne: sawa. Akaendesha tena. Sawa. Akakaa akiitazama ile kijani kwa chuki, na ndipo alipokumbuka jambo ambalo alilisoma zamani na kulipuuza: ukaguzi ule wa kila mwezi hutazama matoleo ya juu tu, yale yanayotumika leo. Matoleo ya chini hauyagusi mpaka uuambie. Kwa hiyo mjanja anaweza kuwa amechezea huko chini, akapandisha, akapanga, na yeye miaka yote anafagia sebuleni huku uchafu uko uvunguni?

Jumatano aliuamuru ukaguzi uende mpaka chini kabisa, kila karatasi, kila toleo, tangu siku ya kwanza. Ulichukua siku nzima. Mashine ilivuma mpaka watu wa chumba cha jirani wakaja kuuliza. Yeye hakunyanyuka kwenda kula. Alikula mkate mkavu mezani, jicho moja kwenye kioo, jicho moja kwa Viatu. Saa nane ikatokea moja nyekundu, na moyo ukamruka. Lilikuwa toleo la tano la karatasi ya makaburini, liliharibika umeme ulipokatika wakati fulani, na matoleo yaliyofuata yote ni mazima. Wafu hawakuwa wamelalamika.

Karatasi namba kumi na nne ilikuwa na toleo moja tu. Halijawahi kubadilishwa. Liliwekwa miaka minane iliyopita na yeye mwenyewe Mama Hakiki, jina lake hilo hapo. Alama inalingana.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alisema kimoyomoyo, kama picha na alama vinalingana, basi mwizi amebadilisha vyote viwili. Na kwa hilo alikuwa na silaha ambayo hakuna mtu ofisini aliyeijua. Siku zile za kuskani, kwa kuwa haiamini kompyuta pia, alinunua daftari la shule na kunakili kwa mkono alama za karatasi zote, herufi sitini na nne kila moja, akalificha nyumbani chini ya mashuka ya wageni. Jioni hiyo alilitoa. Mumewe alimwona amepiga magoti mbele ya kabati akisoma herufi kwa sauti huku akizilinganisha na alichoandika kiganjani. "Saba, b, mbili, mbili, e," alikuwa akisema, na mumewe akafunga mlango taratibu, akamwacha.

Zilikuwa zilezile zote sitini na nne. Ni mwandiko wake mwenyewe, kwa kalamu yake mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kulala kwenye yale mashuka. Kama hakuna aliyeigusa, mbona mstari uko jikoni kwa shangazi? Ama shangazi ameanza kuchanganyikiwa, wazo ambalo lilimuumiza, ama kuna kitu Viatu anakijua.

Alhamisi saa saba, Viatu alipotoka, Mama Hakiki aliifungua droo yake. Mimi sisemi alifanya vizuri. Nasema tu aliifungua, akainua miavuli miwili, na chini yake akakuta karatasi kubwa imekunjwa mviringo na kufungwa kwa uzi. Aliikunjua mezani. Karatasi namba kumi na nne, imechapwa kwa ukubwa wake kamili, imejaa vistari vya penseli.

"Unatafuta nini kwenye droo yangu, Mama?"

Viatu alikuwa amesimama mlangoni, chapati... hapana, si chapati, chupa ya maji mkononi, nimetia chumvi. Viatu vyake havikuwa vimepiga kelele hata kidogo, na hilo nalo Mama Hakiki alilihesabu kama kosa.

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza mimi," alisema. "Karatasi ya kwa shangazi yangu inafanya nini chini ya miavuli yako? Mara sita umeichukua ghalani. Nani amekutuma? Sema, maana mimi nimekushika!"

Viatu alifunga mlango. Akaweka chupa chini. Akachukua rula ndefu ya chuma kutoka mezani kwake, akamnyooshea.

"Pima," alisema.

"Nipime nini?"

"Miraba."

Kila karatasi ya ramani ilichorwa tangu zamani na miraba myembamba, yote sawa, sentimita kumi kwa kumi, na sentimita moja ni mita ishirini na tano ardhini. Mama Hakiki alimtazama Viatu, akaitazama rula, akaikagua rula kwanza. Halafu akapima. Mraba wa kwanza, kumi. Wa pili, kumi. Wa tatu, kumi. Wa nne, ambao upande mmoja una jiwe la mpaka na upande wa pili una mstari wa barabara, ulikuwa tisa na milimita sita. Akapima tena. Milimita nne hazipo. Mita kumi za ardhi hazipo. Katikati ya mraba, ukiinamisha kichwa, palikuwa na kivuli chembamba kama unywele kinachoshuka kutoka juu mpaka chini.

"Umeikata!" alisema.

"Mama, jana umeikagua kutwa nzima. Sote tumekaa hapa tukisikiliza mashine inalia. Imeguswa?"

Mama Hakiki alitazama chini. Daftari la mashuka lilikuwa kwenye mkoba wake, miguuni.

"Haikuguswa," Viatu alisema. "Ilizaliwa hivi. Karatasi ilijikunja ikiingia kwenye skana, mkunjo ukameza milimita nne, na kila kilicho kulia kwa mkunjo kikasogea kushoto. Barabara imesogea mita kumi. Wapimaji wanaanza kwenye jiwe, wanasoma umbali kwenye ramani, wanaupima chini. Wao hawajakosea. Alama nayo haijakosea. Imelinda kwa uaminifu picha ya karatasi iliyokunjika."

"Umejua lini?"

"Nilishuku mwezi uliopita."

"Na hukusema!"

"Nimwambie nani?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Viatu ilipanda. "Wiki yangu ya kwanza nilikuambia feni inapiga kelele, ukaniuliza nani amenituma. Kwako mtu hawezi kuja na 'nadhani', Mama. Nilikuwa naipima, naifunga, naipima tena, niwe na hakika. Nilikuwa nakuogopa, basi."

Karatasi yenyewe, ile ya zamani, haikuwepo tena ya kufunuliwa. Unyevu na mchwa vilizila nyingi, na zilizobaki zilichomwa kwa amri. Lakini lilibaki daftari la kuskani, jekundu, lenye safu mbili: aliyeskani, na aliyehakiki. Utaratibu ule aliuanzisha yeye Mama Hakiki. Mmoja anaskani, na mwingine anaiweka karatasi kando ya kioo, analinganisha mraba kwa mraba, ndipo anatia sahihi. Macho ya watu wawili, alisema, si ya mmoja. Aliwasumbua watu kwa utaratibu huo mpaka wakamchukia.

Alilitoa kabatini, akapekua. Kumi na mbili: sahihi mbili, watu wawili. Kumi na tatu: watu wawili. Kumi na nne: aliyeskani, yeye. Aliyehakiki, yeye. Na kumi na tano, na kumi na sita, mpaka ishirini na mbili, sahihi yake kulia na kushoto, wino uleule.

Aliikumbuka siku ile yote. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuskani, zimebaki karatasi tisa zilizorukwa mwanzoni, na mwenzake wa wakati huo alisogeza kiti aje kulinganisha. Naye akamwambia, mbele ya ofisi nzima, "Unihakiki mimi? Kwani nani wa kunihakiki mimi?" Watu walicheka, mmoja akasema basi huyu ndiye Mama Hakiki, na jina likamganda. Alilipenda jina hilo. Miaka minane alilivaa kama vazi la Sikukuu.

Hapo ndipo alipomkumbuka fundi seremala, na akashika kona ya meza kwa aibu. Fundi aliuliza kama ramani ni ya kweli. Yeye akamjibu kwamba haijaguswa, akaapa juu yake, na fundi akaenda akang'oa mabati yake.

"Tunaweza kusema ni mashine ilikunja," Viatu alisema polepole. "Ndiyo ukweli wenyewe. Si lazima waone daftari."

Ni nusu ya ukweli, alijua. Na daftari liko kwenye kabati lake, ufunguo mfukoni mwake, ukurasa mmoja tu, nani angejua? Alikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa watu wajue. Halafu akalitia daftari kwenye mkoba pamoja na lile la mashuka, akafunga kabati, akavuta kitasa. Safari hii hakurudi kukivuta mara ya pili, na Viatu aliliona hilo.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Shangazi alikaa mbele na kanga yake ya kukalia. Fundi seremala alikaa nyuma karibu na mlango. Hakuwa na la kulalamikia tena, alikuja kutazama tu. Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani ya kamba, alisikiliza, akapima mraba wa nne kwa rula yake mwenyewe, akampa aliye kulia kwake naye apime.

"Nani aliskani karatasi hii?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mama Hakiki.

"Na nani aliihakiki?"

"Mimi."

"Nauliza nani alikuhakiki wewe."

"Hakuna, mwenyekiti. Nilikataa." Akaliweka daftari mezani, limefunguliwa. "Ziko tisa za namna hii. Nyingine sijui zikoje. Naomba zihakikiwe na mtu mwingine, siyo mimi."

Ukumbi ulinong'ona. Mwenyekiti aliamuru ubomoaji usimame, wapimaji warudi wakapime upya kutoka mawe ya pande zote mbili. Shangazi alipiga kofi moja la furaha, kubwa, halafu akaona hakuna anayemuunga mkono, akageuka kutazama kule watu wote walikokuwa wanatazama.

Fundi alikuwa amesimama.

"Mimi nilikuja kukuuliza," alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuja nikakaa kwenye kiti chako. Ukaniapia."

Mama Hakiki alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo mengi, kuhusu alama, kuhusu mkunjo, kuhusu mashine. Hakuyasema. "Ndiyo, Fundi," alisema. "Nilikuapia." Fundi akavaa kofia yake, akatoka.

Wapimaji walirudi wiki iliyofuata. Mstari ulipita ng'ambo ya mtaro, palepale shangazi alipowapelekea watu chai. Jiko la shangazi lilipona, na kiwanja cha fundi nacho kilikuwa salama, kuta nne zisizo na paa, milango imelazwa chini ya turubai.

Mama Hakiki aliondolewa kwenye ukaguzi, kazi hiyo akapewa Viatu. Jumamosi alivaa nguo za kazi, akaenda kwenye kile kiwanja bila kuitwa. Fundi alimtazama kwa muda, hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mwishowe akamwelekeza kwa kidevu ashike mlango wa mbele, upande wa chini, wakati yeye anatia bawaba. Ulikuwa mzito. Shangazi alikuwa ukutani upande wake, akiwatazama na kutoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Fundi alirudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja.

"Umenyooka?" alimuuliza.

Mama Hakiki alitazama juu, akatazama chini, akapitisha kidole kwenye uwazi kati ya mlango na fremu. Ulikuwa umenyooka, aliona hivyo kabisa.

"Mimi naona umenyooka," alisema. "Shangazi, hebu njoo uutazame na wewe."